Tulijibu haraka, tukakosea: mja mzito, sukari na saumu ya mgonjwa

  

Katika safu hii tumezoea kuyajibu maswali ya kifamilia yanayoletwa katika ofisi ya kamati ya msikiti wetu. Wiki hii hatutaanza na jibu, bali tutaanza na kukiri kosa. Tumeona ni wajibu kwetu, kwa sababu kosa lenyewe lilitoka katika kinywa kile kile kinachowaelekeza nyinyi kila wiki, na lilikaribia kumdhuru mtu na kiumbe aliye tumboni mwake.

Alitujia mzee mmoja katika jamaa wa msikiti, baada ya swala ya Isha. Binti yake ameolewa Muscat na mtoto wa ami yake, katika koo zile ambazo nusu yake iko Oman na nusu iko huku pwani. Binti huyo ana mimba yake ya kwanza, na siku ile ilikuwa katika wiki ya 13. Tangu utotoni ana maradhi ya mapafu na kongosho, na kila akila humeza vidonge ndipo chakula kimfae. Sasa matabibu wake wamempima sukari, wakasema imepanda. Wamemwanzishia sindano, wakamhimiza ale vizuri, na wakamwambia asifunge Ramadhani inayokuja. Nyumbani kwa mumewe maneno yakawa mengi. Mama mkwe, ambaye mwenyewe ana kisukari cha miaka mingi, alishangaa: mkwe wake amepimwa asubuhi kabla ya kula, kipimo kikasoma 5.6, ilhali yeye huamka na 9 na bado anafunga. Vipi basi mtu wa 5.6 achomwe sindano, ale asubuhi na mchana, na aache nguzo ya dini?

Mzee akatuuliza, "Ustadh, mwanangu afuate lipi?"

Tulijibu papo hapo. Tulimwambia kuwa mwenye sukari hupunguza chakula, hususan wanga na mafuta, na kwamba huenda saumu ikamfaa kwa kuwa tumbo hupumzika. Tulisema hayo kwa utulivu wa mtu aliyesoma mlango wa saumu chuoni na kuufanyia mtihani. Mzee alifurahi, akampigia simu binti yake usiku ule ule.

Baada ya siku tisa alirudi. Hakukaa. Alisema, "Ustadh, mwanangu kapungua kilo mbili. Daktari wake amemuuliza nani aliyemwambia ale kidogo, naye ameona haya kusema ni baba yake."

Ndugu wasomaji, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a) imeelezwa habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akaota na kupatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawaioni ruhusa hiyo maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w) alighadhibika mno juu ya wale waliotoa jibu bila ya elimu, akabainisha kwamba walipaswa kuuliza walipokuwa hawajui. Hadithi hiyo tumeifundisha vijana wetu madrasa zaidi ya mara moja. Siku ile tuliisikia kana kwamba tunaambiwa sisi.

Tukafanya tulilopaswa kulifanya mwanzo. Tulimwendea daktari wa akina mama anayeswali nasi Ijumaa, kisha tukamwendea sheikh wetu. Haya yafuatayo ndiyo tuliyojifunza.

Maradhi ya binti huyo huitwa sistiki faibrosisi. Ni maradhi ya kurithi. Mwaka 1938 tabibu wa Marekani, Dorothy Andersen, aliyaeleza kwa ukamilifu kuwa ni maradhi yanayojitegemea, baada ya kuchunguza kongosho za watoto waliofariki. Mwaka 1989 jeni yenye hitilafu ikagunduliwa. Kazi ya jeni hiyo ni kuongoza upitaji wa chumvi na maji katika seli za mwili. Ikiharibika, ute wa mwili huwa mzito na wa kunata. Katika mapafu ute huo huziba njia za hewa na kuzaa maambukizi ya mara kwa mara, na katika kongosho huziba mifereji inayopeleka vimeng'enya tumboni, hata chakula kikapita bila ya mwili kunufaika nacho. Jasho la mgonjwa nalo huwa na chumvi nyingi kupita kawaida. Maradhi haya ni mengi zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, lakini yamethibitishwa pia katika nchi za Kiarabu, Oman ikiwemo. Kwa hiyo familia zetu zenye damu ya pande mbili zisidhani kwamba ni jambo la watu wa mbali.

Katika miaka ya 1950 watoto wengi wenye maradhi haya hawakufikia umri wa kuanza shule. Taarifa ya kwanza ya kitabibu juu ya mgonjwa wa aina hii aliyebeba mimba ilichapishwa mwaka 1960. Leo, kwa rehema za Allah (s.w) na kwa juhudi za matabibu, wengi wanafikia utu uzima, wanaolewa na wanazaa. Ndiyo maana swali la mzee wetu ni jipya katika misikiti. Wanazuoni wa kale hawakuulizwa, kwa sababu mwenye kuulizia hakuwa akiishi hadi kufika hapo.

Tuje katika sukari. Kongosho ndilo linalotengeneza insulini, homoni inayoiruhusu sukari kutoka katika damu na kuingia katika seli ili itumike. Kongosho lililoathiriwa na maradhi haya huharibika kidogo kidogo, hata karibu nusu ya wagonjwa waliofikia utu uzima hupatwa na kisukari. Sasa ongeza ujauzito. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini ya mama, ili sukari ya kutosha imfikie mtoto. Kwa mwanamke mwenye afya kongosho huongeza kazi na mambo yakaenda sawa. Kwa binti huyu kongosho limekwisha kuchoka kabla ya mimba kuingia, halina la kuongeza. Hivyo hatari ya kupatwa na kisukari cha ujauzito kwake ni kubwa kuliko kwa wanawake wengine, na huja mapema.

Kwa sababu hiyo miongozo ya matabibu inataka mwanamke mwenye maradhi haya apimwe sukari kabla ya kushika mimba au mara tu mimba inapojulikana, ikiwa hana kipimo salama cha miezi sita iliyopita. Kisha apimwe tena kati ya wiki ya 12 na ya 16, na tena kati ya wiki ya 24 na ya 28. Kipimo chenyewe ni cha kunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, damu ikachukuliwa kabla ya kunywa, baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Ikiwa kabla ya kunywa imefika milimoli 5.1 kwa lita, au 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili, huhesabiwa kuwa ni kisukari cha ujauzito. Moja tu kati ya hizo yatosha.

Hapa ndipo lilipo jibu la mama mkwe, naye tunamtaja kwa heshima, kwani alisema kwa huruma na kwa uzoefu wake. Mizani ya mja mzito si mizani ya mtu mwingine. Kwa mtu asiye mja mzito, kipimo cha asubuhi huitwa kisukari kikifika 7.0. Kwa mja mzito mpaka umeshushwa, kwa sababu kuna nafsi ya pili inayolishwa na damu hiyo hiyo. Sukari ikizidi kwa mama humpitia mtoto, naye hunenepa kupita kiasi hata uzazi ukawa mgumu, na akizaliwa sukari yake yaweza kushuka ghafla. Mama naye huwa karibu zaidi na shinikizo la damu la ujauzito. Kwa hiyo 5.6 ya mkwe haikuwa ndogo, na 9 ya mama mkwe haikuwa hoja.

Kosa letu sisi lilikuwa katika chakula. Mwanamke mwenye kisukari cha ujauzito cha kawaida huanza kutibiwa kwa mpangilio wa mlo na mazoezi mepesi, na huongezewa dawa ikihitajika. Mwenye sistiki faibrosisi hafuati njia hiyo. Yeye hupoteza chakula kingi bila ya kukitumia, na mwili wake hutumia nguvu nyingi katika kupumua na kupambana na maambukizi. Tangu kabla ya mimba huambiwa ale zaidi ya wengine, pamoja na mafuta na chumvi. Uzito wake ukishuka, mapafu yake huathirika, na mtoto hukosa cha kukulia. Kwa hiyo matabibu hawampunguzii chakula, bali humwacha ale kwa wingi, na sukari huidhibiti kwa insulini. Maneno yetu ya "apunguze chakula" yalikuwa sahihi kwa wengi na hatari kwake. Kila mgonjwa ana dawa yake, na kuichukua nasaha ya jirani na kumpa mwingine ni sawa na kumpa viatu bila ya kuuliza mguu.

Baada ya tabibu tulimwuliza sheikh mambo matatu.

La kwanza ni saumu. Alitukumbusha kwamba aya ya 184 na ya 185 za Suratul Baqara zimempa mgonjwa ruhusa iliyo wazi. Akatukumbusha pia hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na wengineo, kwamba Allah (s.w) amemwondolea mja mzito na mwenye kunyonyesha uzito wa saumu. Binti huyu ana sababu mbili mahali pamoja: ugonjwa na mimba. Katika joto la Muscat ipo na ya tatu, kwani mwili unaopoteza chumvi na maji kwa wepesi ukinyimwa maji mchana kutwa waweza kuporomoka. Tabibu mjuzi na mwaminifu akisema kufunga kutadhuru, kula si udhaifu wa imani, na kujilazimisha mpaka mtu adhurike si ucha Mungu. Ama kulipa, sheikh alifafanua kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi'i: ikiwa kabla ya mimba aliweza kufunga na sasa amekula kwa kuihofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, atalipa siku hizo atakapopata nguvu. Ikiwa hofu ilikuwa juu ya mtoto peke yake, atalipa na kutoa fidia ya kibaba cha chakula kwa kila siku. Na ikiwa maradhi yenyewe ndiyo yanayomzuia daima, wala hakuna tamaa ya kupona, atatoa fidia tu. Walio katika madhehebu mengine wawaulize masheikh wao, kwani katika ufafanuzi huu zipo kauli zaidi ya moja.

La pili ni vidonge. Hili mzee alilisema kwa sauti ya chini: vile vimeng'enya anavyomeza bintiye katika kila mlo, kwa sehemu kubwa ya vile vinavyopatikana sokoni, hutengenezwa kutoka katika kongosho la nguruwe. Mtu mmoja wa nyumba ile aliposoma karatasi ya dawa alitaka avitupe. Sheikh alitusomea tafsiri ya aya ya 173 ya Suratul Baqara juu ya mwenye kudharurika, akatueleza kuwa Imam Nawawi katika Al-Majmuu ameruhusu kujitibu kwa kilicho najisi, isipokuwa kilevi halisi, pale ambapo hakuna kilicho tohara cha kushika nafasi yake. Binti huyu bila ya vidonge hivyo atakula asishibe, na mimba yake itakula katika mifupa yake. Basi avimeze, asione dhambi, na likipatikana badala lililo tohara lenye kufaa kama hivyo, ahamie huko. Asitokee mtu wa kumtia wasiwasi mezani.

La tatu ni sindano. Wapo wanaoogopa insulini kwa kusikia kuwa nayo ni ya nguruwe. Zamani ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe, lakini leo iliyo nyingi ni insulini ya mfano wa binadamu, inayotengenezwa kwa kutumia bakteria au hamira. Ama kufunguza, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha kumi kilichofanyika Jeddah mwaka 1997 liliamua kwamba sindano ya dawa isiyo ya lishe haifunguzi, wala kutoa damu kwa ajili ya vipimo hakufunguzi. Tunalitaja hili kwa wagonjwa wengine wa sukari walioruhusiwa na matabibu wao kufunga, wasije wakaacha sindano wala kipimo cha kidole kwa kuihofia saumu.

Lipo jambo moja zaidi, nalo lina uchungu. Katika mabishano ya nyumba ile lilisemwa neno kwamba upande wa bibi arusi "umeleta maradhi." Wenye kusema walisahau kwamba bwana arusi ni mtoto wa ami. Maradhi haya hayampati mtoto ila arithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, wote wawili. Aliyerithi upande mmoja tu huwa mzima, na huenda asijue maisha yake yote kwamba ameibeba. Mtoto aliye tumboni kwa yakini atapata moja kutoka kwa mama yake. Ikiwa baba hana, mtoto atakuwa mbebaji mzima. Ikiwa baba anaibeba, basi katika kila mimba uwezekano wa mtoto kuugua ni nusu kwa nusu. Kwa hiyo la maana si kulaumiana, bali ni mume kwenda kupimwa. Ndoa ya mabinamu ni halali, nasi hatuharamishi alichohalalisha Allah (s.w). Lakini pale ambapo maradhi ya kurithi yamekwisha kuonekana katika ukoo, kupima kabla ya nikaha ni sehemu ya kuchukua tahadhari, kama tunavyowahimiza vijana wetu kupima selimundu.

Huenda msomaji akasema, "Kwangu hakuna mwenye maradhi hayo." Ni kweli kwa walio wengi. Lakini kisukari cha ujauzito chenyewe si kigeni. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba takriban mtoto mmoja katika kila sita wanaozaliwa hai duniani huzaliwa na mama ambaye sukari yake ilikuwa juu wakati wa ujauzito. Mara nyingi hakina dalili. Mama hufanya kazi zake, husifiwa kuwa amenawiri, kumbe damu yake inasema jingine. Kwa hiyo tunawausia mambo matatu. Mke akienda kliniki, aulize kuhusu kipimo cha sukari, hasa kati ya wiki ya 24 na ya 28, na mapema zaidi ikiwa wazazi au ndugu zake wana kisukari, au aliwahi kuzaa mtoto mkubwa kupita kiasi. Akishajifungua, arudi kupimwa kati ya wiki ya 6 na ya 12, kwa sababu aliyepatwa nacho katika mimba yuko karibu zaidi kupatwa na kisukari cha kudumu siku za mbele. Na mume afuatane naye, ayasikie maneno ya tabibu kwa masikio yake, ili akirudi nyumbani awe yeye ndiye mwenye kumkinga mkewe na nasaha za kila mpitaji.

Tuliporudi kwa mzee tulimwomba radhi mbele ya wajumbe wawili wa kamati, kwani kosa letu lilisikika na watu. Tukampigia binti yake simu, tukasema nao pamoja, yeye na mumewe na mama mkwe wake. Tulianza kwa kusema, "Sisi ndio tuliokwambia upunguze chakula, nasi tulikosea." Kwa muda hakujibu mtu. Kisha mama mkwe akauliza swali moja tu: "Basi daku yangu nitakula peke yangu, na yeye mchana nimpikie nini?"

Habari tulizozipata Jumatatu ni kwamba amerejesha kilo moja, sukari yake ya asubuhi imeshuka chini ya mpaka, na mumewe amekwenda kutoa damu, wanangojea majibu. Tunamwomba Allah (s.w) amkamilishie mimba yake kwa salama, amjaalie mtoto mwema, na awaponye wagonjwa wetu wote. Nasi atusamehe kwa lile tulilolisema bila ya kujua, na atufundishe kunyamaza pale panapostahiki kuulizwa mwingine.

Wabillahi tawfiq.